Mstari Mmoja katika Wasifu wa Yohani

Yohani alifariki Jumatano, baada ya kuugua figo mwaka mzima. Kesho yake kaka yetu mkubwa, Emmanueli, alinikabidhi daftari akaniambia niandike wasifu wa marehemu, kwa kuwa mimi nilimaliza kidato cha nne na ndimi niliyemfuata Yohani kuzaliwa. Huku kwetu Ganako mtu hazikwi kabla wasifu wake haujasomwa mbele ya jeneza: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini. Watu husikiliza kwa makini. Wengi wanayajua yote tayari, wanataka kusikia utayasemaje.

Niliandika bila shida mpaka nikafika kwenye kazi.

Yohani aliendesha watalii kwa miaka kumi na tisa. Siku moja ya masika, ndani ya kreta ya Ngorongoro, mgeni mmoja mzee mwenye kamera kubwa alimsihi amsogeze kwa faru aliyelala mbali na barabara. Kila dereva anajua kwamba mle ndani gari haliruhusiwi kuacha njia. Yohani aliiacha. Hakufika mbali, gari lilizama kwenye tope jeusi, faru akainuka na mtoto wake wakaondoka. Magari mengine yalikuja kumvuta, wageni wakipiga picha. Nyasi zilichimbika kiasi ambacho mtu angeweza kulala ndani ya mifereji iliyoachwa na magurudumu. Alifungiwa kuingia hifadhini, na kampuni yake ikamwachisha kazi.

Hayo niliyaandika kwa mstari mmoja. Emmanueli aliusoma, akaukata, akaandika juu yake kwamba Yohani alistaafu kwa heshima. Kisha akaongeza kwamba alikuwa dereva ambaye hakuwahi kukosea hata siku moja. Aliniambia huu ni msiba, si kesi, na kwamba madereva wenzake wangekuja na shada. Nisome hivyo hivyo.

Nilikaa na lile daftari jikoni nikamkumbuka Yohani na kamusi yake. Ilikuwa kamusi nene ya Kiingereza aliyoachiwa na mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, na ilieleza kila neno limetoka wapi. Alipokosa kazi hakuonekana nje mchana, ila giza likiingia alikuwa akija kwangu, ananisaidia kumenya mbaazi huku akinisomea. Siku moja alisoma neno “exorbitant” mara tatu. Nilimwambia hilo nalijua, ni bei wanazotajiwa wazungu sokoni. Akacheka, akasema ndiyo, leo Waingereza hulitumia kwa bei au madai yaliyopita kiasi, lakini halikuanzia hapo. Limetoka katika Kilatini: “ex” ni nje, na “orbita” ni alama inayochimbwa na gurudumu barabarani. Kwanza lilikuwa kutoka nje ya alama hiyo. Baadaye wanasheria wakalichukua kwa jambo lililokengeuka kanuni. Mwisho likawa neno la kila kilichozidi.

“Ona, Germana,” alisema. “Watu wa zamani hao walikuwa madereva kabisa.”

Nilimtania kwamba basi askari wa hifadhi walimkamata kwa Kilatini. Hakucheka tena. Alimenya maganda kadhaa, akasema, “Yule mzee aliomba tu. Usukani ulikuwa mkononi mwangu.”

Baada ya miaka miwili ya kujifungia nyumbani hivyo alifungua darasa la Kiingereza kwa vijana wanaotaka kuwa waongoza watalii. Ijumaa asubuhi mmoja wao, Radhia, binti wa Mzee Omary mwenye duka la vitambaa Karatu mjini, alikuja kukata vitunguu vya msiba pamoja nasi. Alinisimulia siku yake ya kwanza darasani. Mwalimu hakuanza na salamu. Aliandika lile neno ubaoni, akaeleza maana na asili yake, halafu akawasimulia habari ya faru, tope na picha, akionya kwamba atakayecheka atanunua chai ya darasa zima. Wakanunua wote.

Akauliza kama ni kweli tumeandika kwamba alistaafu. Nikamwambia ndiyo.

“Shangazi, mwalimu mwenyewe hakutuambia hivyo,” alisema, machozi yakimtiririka kwa vitunguu au kwa kilio. “Kesho tutakuwa tunamzika nani?”

Nilikwenda chumbani kwa Dorkasi, mjane wake, aliyekuwa amekaa kwenye godoro na wanawake wa jumuiya ya kanisani. Nilimnong'oneza mistari yote miwili, wangu na wa Emmanueli.

“Wifi,” alisema, “miaka ile miwili alipokuwa hatoki nje mchana, nilikaa naye mimi. Ukimfanya mstaafu, miaka hiyo nitaiweka wapi?”

Jumamosi saa nane nilisimama mbele ya jeneza. Emmanueli alikuwa upande wa pili ameshika msalaba. Nilisoma kuzaliwa, shule, ndoa. Kisha nikasoma: “Aliendesha watalii kwa miaka kumi na tisa. Aliachishwa kazi kwa kutoka nje ya njia ndani ya kreta, kosa alilolikiri mwenyewe na kuwafundisha wengine wasilirudie.” Mtu mmoja alikohoa. Dereva mmoja mzee alivua kofia. Nikaendelea hadi ugonjwa na kifo, nikafunga daftari.

Wakati wa kutupia udongo Emmanueli alinipita kana kwamba mimi ni mti.

Hakunisemesha mpaka msiba ulipoisha na wageni kuondoka. Siku hiyo alikuja peke yake, akaketi jikoni kwangu na kofia magotini. Nilimwekea chai nikisubiri anigombeze. Nyumba yake na ya Yohani zinatazamana, katikati kuna korongo dogo tu, na sote tunajua kwamba katika miaka ile miwili Emmanueli hakulivuka hata mara moja.

“Alikuwa anafanya nini kutwa nzima?” aliuliza. “Mimi sikwenda.”

Nikamweleza niliyoyaona na niliyosimuliwa na Dorkasi. Kwamba alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kama dereva, anavaa, halafu anakaa. Kwamba alikuwa hali chakula meza moja na watoto. Kwamba kuna siku aliniuliza kama kaka bado ana hasira. Emmanueli alisikiliza mpaka chai ikapoa, na safari hii hakuniambia niruke hata neno.