Santuri Iliyofunika Pipa la Unga

Miaka minne nimezunguka Freetown na kinasa sauti begani, nikiwaandama wazee wetu waliorusha ndege za vita Uingereza. Nimenasa sauti tisa. Wanane kati yao wameshakufa, kwa hiyo msinilaumu kwa haraka zangu. Na muda wote huo sauti ya kumi ilikuwa jikoni kwa mama yangu, inafunika pipa la unga wa muhogo.

Niliigundua Jumamosi nikichota unga. Nilifuta kile kifuniko cheusi, nikaona michirizi, kisha jina: Sajini Theophilus Decker. Baba yangu.

"Mama, hii ni santuri."

"Ni kifuniko," alisema mama, akimenya tangawizi yake. "Panya hawakitafuni."

Chanzo cha hasira yake nakijua. Mwaka 1943, akiwa na mimba yangu, mtaa mzima ulijazana kwa jirani mwenye redio kumsikiliza baba akituma salamu kutoka London. Kwetu salamu zina ngazi, mke hatajwi kabla ya wakubwa. Baba akaanza na mama yake, shangazi zake wote, mchungaji, hadi muuza mafuta ya taa. Muda ukaisha. Mama akachekwa mpaka kanisani. Wiki tatu baadaye ndege ya baba ilidunguliwa. Kumbe santuri ya salamu hizo ilikuja kwa meli baada ya habari ya msiba, na mama hakutaka hata kuiona gramafoni.

Mimi ndiye niliyelipia. Kwetu jina la nyumbani hutoka kwa baba, lakini mama aligoma: "Baba yake hakutuma jina." Nikabaki Priscilla tu, jina la ubatizo. Shuleni walinitania kwamba mimi mtoto wa kuokotwa. Nina miaka arobaini na minne, nina wajukuu wawili, na bado inaniuma. Nilitaka kujua kama aliniwaza hata kidogo.

Nikakimbia kwa Mzee Macauley, fundi mstaafu wa redio. Mama akanifuata na kofia yake ya kanisani, ati analinda kifuniko chake.

Macauley aliigeuzageuza santuri kwenye mwanga. "Utando wa juu wenye sauti unabanduka, dada yangu. Sindano ikipita itaubeba wote. Utaisikia mara moja tu."

"Basi mara hiyo hiyo naikamata," nikasema, nikawasha kinasa sauti.

Akaiweka kwenye gramafoni yake. Mkwaruzo, kisha mtu akakohoa. Jamani, baba yangu alikuwa kijana! Sauti ya mtu mdogo kuliko mwanangu, inacheka cheka, inapanga salamu. Mama yake. Shangazi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilitamani kumsukuma aharakishe.

"Unasikia?" mama akanong'ona. "Mpaka Koker mwizi wa kuku anasalimiwa, mimi simo."

Akafika kwa muuza mafuta ya taa. Mama akachukua mkoba aondoke, maana redio ilikomea hapo. Sauti haikukoma.

"Haya, wakubwa zangu mmeridhika, sasa nipisheni niongee na mke wangu. Regina, najua umenuna. Mtoto akiwa wa kiume, baba yangu atatoa jina. Akiwa wa kike nimeshawawahi shangazi: ni Remilekun. Huku tunazika wenzetu kila wiki. Huyo ndiye atakayenifuta machozi, kama jina lenyewe lisemavyo. Mwambie namsubiri kwa ham..."

Utando ukajikunja chini ya sindano. Macauley akainua mkono wa mashine. Nikarudisha utepe nyuma kidogo, nikasikiliza: yumo, mzima, kila neno.

Mama alikuwa amekaa, mkoba mapajani.

"Walimkata," alisema. "Kumbe alikuwa anakuja kwangu."

Alilia wazi, bila kujificha, akicheka humo humo. Kisha akanigeukia, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Remilekun."

Nilikuwa najifuta machozi. Akaita tena, safari hii kwa ukali wa mama anayemwita mtoto mkaidi.

"Remilekun, si unaitwa?"

"Abee, mama," nikaitika.