Mwandishi Mpya wa Mwewe

Jumamosi asubuhi kinyozi alikuwa anamchonga mwalimu wa udereva mstari wa nyuma ya sikio, mteja huyo akaanza kuinuka kitini. Aliinuka na shuka la kunyolea shingoni na jarida wazi mikononi, mpaka magoti yake yakawa usawa wa kioo. Kinyozi alimkandamiza begani kwa mkono wa kushoto, akamalizia mstari kwa mkono wa kulia, kisha akamwomba aliyekaa karibu na swichi azime feni.

"Umefika wapi?" kinyozi aliuliza.

"Pale Mwewe anapomshusha fundi kutoka juu ya nguzo ya umeme."

"Hata mimi ni hapohapo niliponyanyuka. Pabaya sana."

"Pabaya," mwalimu wa udereva alikubali, akafungua ukurasa uliofuata.

Lilikuwa jarida la katuni la kila mwezi, na Mwewe ndiye shujaa wake, mtu mwenye mabawa ya chuma ambaye watu wa mji ule walikuwa wamekua naye. Tangu mwanzo aliandikwa na mtu mmoja tu waliyemwita Mkongwe, na hakuna toleo lililopita bila Mwewe kuangusha jengo na kuvunja taya la adui. Kisha macho ya Mkongwe yakachoka, akastaafu, na kazi akapewa mwanamke aliyekuwa akiandika michezo ya redio. Alikuwa mdogo wake kinyozi, wa tumbo moja. Jina alikuwa nalo, lakini tangu hapo kila mtu alimwita Mwandishi Mpya, kaka yake akiwemo.

Katika toleo lake la kwanza hakuna aliyevunjwa taya. Mwewe alimshusha yule fundi, akambebea mjane mmoja kabati hadi ghorofa ya juu, akamwomba radhi mtu ambaye nyumba yake aliiangusha zamani akimfukuza jambazi. Wasomaji walinyanyuka. Wengine walipanda shubiri moja, wengine mpaka darini, na waliosoma nje walishikwa miguu na jamaa zao. Walipomaliza ukurasa wa mwisho walishuka polepole, wamekasirika.

Enzi za Mkongwe hakuna msomaji aliyewahi kuachana na ardhi. Hilo halikuzungumzwa. Kilichozungumzwa ni kwamba Mwewe ameharibiwa.

"Hadithi imekuwa nyepesi," alisema daktari wa meno, ambaye ndiye katibu wa chama cha wasomaji. Chama kilikutana kwa kinyozi, na wakati huo mgongo wa katibu ulikuwa umegusa dari. "Haina uzito hata kidogo."

"Mwewe wa kweli alikuwa anapaa," alisema mwalimu wa udereva. "Huyu anazungukazunguka tu kwa watu."

"Na mwanamke atajulia wapi mambo ya kuruka?" aliuliza mtu wa tatu, huku akijisukuma kwa vidole asigonge balbu.

Kinyozi alikuwa mwenyekiti. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kusoma, wakiwa wamelala kifudifudi sakafuni na majarida ya Mwewe, kidole chake kikiongoza kidole cha mtoto. Sasa wateja walimwambia kwamba nyumba yao imewaharibia shujaa, na kila walipomwambia hivyo aliona aibu kama aliyeshikwa akiiba. Jumapili alimwendea mdogo wake.

"Rudi redioni," alimwambia. "Kule walikupenda."

"Kaka, wewe uliposoma ulifika wapi?"

"Nilimaliza lote."

"Nauliza juu."

Kinyozi alifikiri kidogo. "Juu ya kabati. Lakini hilo ni suala jingine."

Kaka alipoondoka, Mwandishi Mpya aliosha vikombe viwili, kisha akaviosha tena. Maneno ya watu wengine aliyazoea, kwa kuwa hata redio ina wasikilizaji wake. La kaka yake hakuwa amelizoea. Akaliandika toleo la pili vilevile.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," mchoraji alimwambia ofisini, akichonga penseli. Alikuwa mtu wa maneno machache, na karatasi alizichora akiwa amejifunga mkanda kwenye kiti. "Unachoandika nitakichora. Ila ningekuwa wewe ningeweka hata ngumi moja."

"Mikono hiyo imepiga watu tangu tukiwa watoto," alisema Mwandishi Mpya. "Nataka kuona inaweza nini kingine."

Toleo la pili lilipotoka, chama kilituma wajumbe kwa mhariri. Walimkuta yuko kwenye simu, na kwa kuwa kurasa za toleo la tatu zilikuwa zimetandazwa mezani, wakazisoma wakisubiri, ukurasa wa mwanzo tu. Ilibidi kikao kifanyike darini. Mhariri, kwa adabu, alipanda juu ya kiti ili asiwasemeshe kutoka chini.

"Tunamtaka Mkongwe," alisema daktari wa meno. "Mwenye macho haambiwi tazama. Huyu kazi imemshinda."

Mwandishi Mpya alikuwa amekaa pembeni. Alipoinua uso aliona nyayo za kaka yake, soli ya kushoto imelika upande mmoja kama ilivyokuwa ikilika soli ya baba yao.

"Na wewe kaka, unasemaje?"

"Kama mdogo wangu sina neno nawe," kinyozi alisema kutoka juu. "Ila Mwewe ni wa watu."

Mhariri aliwaahidi kwamba Mkongwe atarudi. Wakatoka wakishikilia reli ya ngazi, wengine bado hawajakanyaga vizuri.

Mlango ulipofungwa, mhariri alishuka kitini akamweleza Mwandishi Mpya mambo yalivyo. Jarida halijawahi kununuliwa kwa wingi namna ile, kwa hiyo hawezi kumwachisha kazi. Chama nacho hawezi kukiudhi. Amempigia Mkongwe, na Mkongwe amesema sawa, jina lake limekaa tu, walitumie.

"Hiyo ni kazi yangu," alisema Mwandishi Mpya.

"Kazi ni yako, hakuna anayekunyang'anya. Ni jina tu."

"Nikikataa?"

"Nitatafuta mtu wa ngumi."

Alizikusanya kurasa mezani. Hasira ilimpanda, akaiacha ipande, kisha akasema polepole kama anayehesabu nguo za dobi. "Mwewe hatampiga mtu. Neno langu halibadilishwi hata moja. Na atakayeniuliza nani ameandika, nitamwambia."

"Mwambie tu," alisema mhariri.

Toleo la tatu lilitoka na jina la Mkongwe kwa wino mwekundu. Asubuhi hiyo waliolisoma njiani walijishika kwenye matawi na nguzo za taa, na wenye maduka wakaning'iniza kamba milangoni kwa ajili ya wateja. Mji mzima ulifurahi.

"Mnaona? Uzito umerudi," alisema daktari wa meno, akiwa juu ya paa la kliniki yake.

Mama yao kinyozi na Mwandishi Mpya alikuwa mgonjwa wa kitandani tangu alipovunjika nyonga. Mgongo wake ulikuwa na vidonda vya kulalia, na kumgeuza kulihitaji watu wawili na kulimwumiza sana. Jumapili ile watoto wote wawili walikuwepo. Binti alikuwa anakunja nguo. Mwana alivuta kiti, akafungua jarida, akaanza kumsomea mama kwa ile sauti yake nzuri ya zamani.

Katika toleo hilo Mwewe aliingia chumba kimoja ambacho mlango wake haufungi mpaka uunyanyue kidogo kwa kitasa. Akambeba bibi mgonjwa pamoja na kitanda, godoro na beseni, akampitisha dirishani, akamzungusha juu ya mji apate hewa, akamrudisha chai yake haijapoa.

Mama alianza kunyanyuka pale kwenye kitasa. Binti aliziacha nguo, akamshika kifundo cha mguu. Kinyozi alikuwa ameshafika kwenye fimbo ya pazia, akiendelea kusoma.

"Huyu anaujua mlango wetu," mama alisema.

"Mkongwe anaijua milango yote, mama."

"Nimeandika mimi," alisema Mwandishi Mpya. "Toleo lote hilo ni langu, kaka. Jina la Mkongwe limebandikwa tu."

Kinyozi alimtazama kutoka juu, kwa huruma ya kweli. "Mdogo wangu, najua inauma. Lakini usijivike kilemba cha mwenzako." Akafungua ukurasa uliofuata.

Mwandishi Mpya alimgeukia mama. Mama alikuwa hewani, mgongo wake haujagusa kitu. Alimfunga mguu kwa kitambaa kwenye nguzo ya kitanda, akaleta maji ya uvuguvugu, akavisafisha vile vidonda kimoja kimoja, akapaka dawa. Hakuna aliyehitaji kumgeuza. Alitoa shuka lenye unyevu, akatandika jingine, akalivuta pembe zote likanyooka. Mama alikuwa amefumba macho.

"Jingine linatoka lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwezi ujao."

"Mgongo umepumua, mwanangu. Hilo jingine liandike refu."

Kinyozi alifika mwisho, nao wakaanza kushuka. Binti alimpokea mama mabegani, akamlaza juu ya shuka kavu. Kinyozi alitua karibu na dirisha, akalikunja jarida, akampa dada yake.

"Kaa nalo. Utajifunza kitu."

"Asante, kaka."

Jumatatu Mwandishi Mpya aliingia ofisini kabla ya mchoraji na kufungua madirisha. Juu ya karatasi ya kwanza mhariri alikuwa ameshapiga muhuri wa jina la Mkongwe. Aliliacha lilivyo, akaanza kuandika chini yake, na kufikia mchana alikuwa ameshaizidi idadi ya kurasa ambazo jarida huwa nazo.