Majani ya Makaburini

Maneno yale niliyasema mimi, Enelesi, na sitamsingizia mtu. Nilikuwa nimetoka kwenye kituo cha utafiti, ambako wataalamu walitutembeza kwenye mashamba yao ya majaribio, nikarudi kijijini kifua mbele, mkulima wa mfano. Nikawakusanya majirani uwanjani kwangu. Acheni kupiga matuta kila mwaka, nikawaambia, acheni kuchoma mabua, funikeni udongo.

"Shamba lako lifanane na chini ya msitu," nikasema. "Msituni nani analima? Na mbona miti inastawi?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kwetu mwanamke hujulikana kwa matuta yake, na asiye na matuta hata wakwe humsema.

"Kumbe wenzetu wanapelekwa mbali kusomea uvivu!" alisema mmoja.

"Panya watakushukuru, mama," akadakia mwingine. "Umewajengea nyumba, bado kuwatandikia vitanda."

Hapo nilicheka na mimi, maana panya wa shambani ni kitoweo chetu, na wakikaushwa kwa chumvi siwaachi. Wanajificha ndani ya mabua, na vijana huyachoma ili watoke mbio. Ndiyo maana kufikia mvua mashamba yetu huwa matupu, udongo mwekundu kama kidonda.

Aliyenisikiliza ni mdogo wangu Falesi peke yake. Miezi michache nyuma, kwenye njaa ya kabla ya mavuno, alikuwa amemzika binti yake, Tadala. Mtoto yule alizoea kusimama mlangoni pa jiko langu kila akisikia harufu ya chakula. "Mama mkubwa, nibakishie," angesema. Mwaka ule hapakuwa na cha kubakisha.

Falesi akatandaza mabua shamba zima. Vijana wawinda panya wakaja wakayachoma yote, yake na yangu. Alinijia na majivu miguuni.

"Dada, sasa nifunike na nini?"

"Majani yoyote," nikamjibu. Nilikuwa napepeta, hata sikuinua uso. "Ya msituni ndiyo mazuri zaidi."

Msitu gani? Vilima vyetu vimebaki vipara. Miti mikubwa imesalia mahali pamoja tu, makaburini, ambako hakuna anayethubutu kuvunja hata kijiti. Wanaoingia ni wale wanaochimba makaburi, tunaowaita wajukuu, na sisi wengine huingia nyuma yao siku ya kuzika. Kitu kikishalala mle hakitoki. Hayo kila mtu anayajua, na Falesi aliyajua pia.

Mvua zikaja, mahindi yake yakatoka kwa kishindo. Ya kwetu yaliponyauka kwenye jua la katikati ya msimu, ya kwake yalisimama yamekolea kijani. Nikaenda kuyaona, nimefurahi kupita kiasi, tayari nawatafutia majirani maneno ya kuwasuta. Nikainama nishike udongo. Mkono wangu ukagusa kikombe cha bati, cha bluu, chenye tundu kwenye kitako.

Tundu lile nililitoboa mimi kwa msumari. Vyombo vya marehemu tunavitoboa na kuviacha juu ya kaburi. Kilikuwa kikombe cha Tadala.

"Falesi, umefanya nini?"

Alikuwa amesimama katikati ya mistari, amekonda, uso umetulia. "Nilichota juu yake tu. Kaburi la mtu mwingine sikuligusa. Kikombe kilikuja na majani, nikaona basi, kikae."

"Ukijulikana je?"

"Asubuhi huwa anapita hapa, dada. Mahindi yanafunguka anapopita. Simwoni, ila namsikia." Akaniangalia. "Bado ana njaa."

Nilikirudisha kikombe pale pale nilipokikuta na kuondoka bila kumuaga.

Haikuchukua muda kujulikana. Mahindi yalikuwa mazuri mno, na watu wakiona kizuri mno huuliza. Mmoja wa wajukuu akaona kaburi la mtoto limefagiliwa jeupe. Basi wakaja shambani, wakiongozwa na mkubwa wao, Mzee Lafukeni, na kijiji kizima nyuma yao.

"Mama, sikuja kugombana," Lafukeni alimwambia Falesi. "Yule mtoto nilimlaza kwa mikono yangu hii. Rudisha majani yake, tumfunike tena, tusafishe yaliyotokea, yaishe."

Wajukuu wakapiga magoti na kuanza kukwangua. Walikwangua mstari mmoja, wakaingia wa pili. Hakikupatikana kitu, ila udongo mweusi na minyoo inayojinyonganyonga.

"Yako wapi?" Lafukeni aliuliza. Akanigeukia. "Mwalimu, si wewe uliyewafundisha? Yako wapi majani?"

Kituoni nilikuwa nimelijibu swali hilo mbele ya wageni, wakanipigia makofi.

"Udongo umeyala," nikasema. "Yamekuwa udongo, na udongo umekuwa mahindi."

Kisha Falesi akasema taratibu, "Kwa hiyo na yeye."

Niliumia pale kuliko siku ya mazishi.

Lafukeni akatoa uamuzi: mahindi haya yana mwenyewe, na mwenyewe ni marehemu. Mtu wa damu yake aonje mbele ya watu wote. Akionja asisikie wala asione kitu, ni chakula, Falesi avune. Akisikia chochote, shamba lote liachiwe makaburi, lioze lilivyo.

Kila mmoja alijua maana yake. Falesi hakuwa na akiba nyingine hata ya debe, na sisi tuliomzunguka mashamba yetu yalikuwa yameungua kwa jua. Njaa iliyomchukua mtoto ingerudi kumchukua mama.

Mahindi mabichi yakachemshwa pale pale. Falesi alikataa katakata. "Siwezi kumla mwanangu."

Ikabaki damu moja tu, yangu. Nikachukua hindi, nikang'ata.

Lilikuwa tamu. Mungu anisamehe, sijawahi kula hindi tamu namna ile. Nilikula nikafika katikati, na nyuma yangu, chini kidogo, usawa wa kiuno, sauti ikasema, "Mama mkubwa, nibakishie."

Niligeuka. Palikuwa na mashina ya mahindi tu, yametulia, hata upepo haukuwepo.

"Umesikia kitu?" Lafukeni akauliza.

Falesi alikuwa ananitazama, macho yamemtoka. Nilijua anachokitaka: mtu mmoja duniani aseme kwamba si wazimu, kwamba mtoto yupo. Neno moja tu, na neno hilo lingemuua.

"Sijasikia kitu," nikasema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Mahindi ni mahindi."

Watu wakashusha pumzi. Lafukeni akaitikia kwa kichwa, akawakusanya wajukuu wake wakaondoka. Kabla hata hawajafika njiani, wale wale walionicheka walikuwa wananivuta nguo. "Mama Mwalimu, mwakani utatuonyesha na sisi?" Nikaichomoa nguo yangu mikononi mwao.

Tukabaki wawili. Falesi alikuwa amenipa mgongo, na chakula hakukigusa. Nilimwita, hakugeuka. Nilimwambia ale, akasema kwa sauti ya chini, "Kula wewe, usiyesikia."

Nilitembea mpaka kilipokuwa kile kikombe cha bluu, kwenye mstari ambao wajukuu hawakuufikia, nikakipangusa udongo kwa upindo wa nguo yangu, nikalisimamisha ndani yake hindi langu, nusu imeliwa, nusu nimeibakisha.

Nilipoinuka Falesi alikuwa amegeuka. Aliangalia kikombe, akaniangalia mimi. Kisha akaketi chini, akachukua hindi, akaanza kula huku analia.