Meno Yanayotazama Juu

Kidole cha mwalimu mkuu kilisimama. Kilikuwa kimeteleza vizuri tangu lango kuu, kikapita ofisi, kikakata kona ya bwalo na kushika korido ndefu ya mabweni. Sasa kilisimama kama mtu aliyesikia anaitwa kwa nyuma. Kikarudi kidogo, kikaenda mbele, kikarudi tena.

"Hapa kuna mlango?" aliuliza.

Fundi aliinama juu ya ramani ya mbao aliyoihangaikia siku tisa. Ukuta ulikuwa mzima, isipokuwa mahali pamoja ambapo msumeno ulikuwa umemega kibanzi kidogo kuliko punje ya mchele.

"Hapana, Mwalimu. Ni mbao tu imemeguka. Nitaziba."

"Kwangu mimi ni mlango." Alisema bila ukali, uso wake ukielekea dirishani, macho yake ambayo hayajawahi kuona yakiwa yametulia. "Na kwa mtoto wa miaka saba ni mlango. Ataufuata, atapigiza paji la uso ukutani, na kuanzia siku hiyo hataiamini ramani yako wala kuta zangu."

Kidole kikaendelea na safari. Kikafika mahali ambapo fundi alikuwa amechonga ngazi, kikapanda polepole.

"Na hapa nimepanda mteremko."

"Ni ngazi hizo, Mwalimu."

"Umezipiga msasa."

"Kidogo tu. Zilikuwa na vibanzi."

"Zimelala. Mtoto akiambiwa ni mteremko, halafu akutane na ngazi..." Hakuimalizia sentensi. Badala yake aling'oa kipande kimoja cha ramani, kwani kila chumba kilikuwa kipande kinachotoka, ili mtoto akishike mkononi, akijue, kisha akirudishe mahali pake. Akakigeuza, akapitisha dole gumba upande wa chini, penye nyuzi za mbao zilizochomoza, akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Maktaba yangu haijanyoa ndevu, fundi."

Fundi naye alicheka, akaanza kukusanya vipande vyake.

Mtaa mzima ulimwita fundi huyo Sindano. Alikuwa ameshona nguo kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka nguo za dukani zilipomwondolea wateja mmoja mmoja na cherehani yake ikabaki kufunikwa shuka. Ndipo kaka yake, mwenye karakana ya samani, alipompa pembe moja ya karakana na msumeno wa nakshi ambao hakuna aliyekuwa na subira nao. Siku ya kwanza Sindano aliutazama msumeno ule akaona ni cherehani iliyokosea njia: meza ndogo, mkono uliopinda kwa juu, na mahali pa sindano, wembe mwembamba wenye meno, unapanda na kushuka. Ukataji haukumpa tabu. Miaka sita baadaye, vichwa vya vitanda alivyovitia nakshi vilikuwa katika nyumba za watu asiowajua, na kaka yake alipenda kuwaambia wateja kwamba dada yake akichonga ua, funga madirisha, nyuki wataingia.

Kwa hiyo shule ya watoto wasioona ilipohamia jengo jipya na kutafuta fundi wa ramani ya kusomwa kwa vidole, hakuna aliyefikiria mtu mwingine. Kwenye jengo la zamani watoto wale walikuwa wakikimbia. Kwenye hili jipya walitembea wakipapasa kuta au kung'ang'ania sketi za walezi, na ndani ya wiki moja watatu walikuwa wamevimba vichwa. Bodi ya shule iliamua kwamba ikifika mwisho wa mwezi hali haijabadilika, watoto watatembezwa kwa kamba, wameshikilia mmoja nyuma ya mwingine. Mwalimu mkuu aliisikiliza barua ile ikisomwa, akaomba isomwe tena, kisha akasema jambo moja tu: "Mimi nilikulia kwenye kamba." Sasa, ramani ikiwa imekataliwa, zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kufika mwisho wa mwezi.

Sindano aliporudi karakanani, kaka yake aliiweka ramani kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Sioni kosa."

"Wewe huoni, yeye ameona."

"Changanya gundi na unga wa mbao, ziba hapo, piga rangi, peleka. Dada, wembe ni wembe. Kazi hii ni nzuri."

"Rangi, kaka? Huyu rangi inamhusu nini?"

"Basi ndiyo rahisi zaidi!"

"Ndiyo ngumu zaidi." Sindano alikaa juu ya rundo la mbao. "Miaka yote hii tumekuwa tukiyahonga macho ya watu. Vanishi kidogo, mtu akisimama hatua mbili anasifia. Huyu mtu hana pa kuhongwa."

Kaka yake alikuna kidevu, akarudi kwenye randa yake.

Siku iliyofuata Sindano alifanya ambalo fundi yeyote mwenye haraka angelifanya: alinunua nyembe nyembamba kuliko zote zilizokuwapo dukani, nyembe kama nywele, akaamini kwamba wembamba ndio usafi. Kufikia saa sita mchana zilikuwa zimekatika kumi na moja. Zile ambazo hazikukatika zilipinda ndani ya mbao na kwenda zilikotaka. Meno yake yalikuwa madogo mno kuutoa unga wa mbao nene, unga ukajaa njiani, msuguano ukawa moto, na kingo zikatoka nyeusi, zikinuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Akarudi kwenye wembe mnene. Huo ulikata upesi, lakini uliacha mwanya mpana, na chumba kiking'olewa na kurudishwa kilicheza kama jino bovu. Mwanya wenyewe ungesomwa na vidole kama korido nyingine.

Alizima msumeno, akakaa mbele yake, mikono mapajani. Ndipo alipotambua kwamba alikuwa akifanya kosa ambalo angemfukuzia mwanafunzi wa ushonaji. Ni lini yeye alichagua sindano kwa wembamba? Sindano ilichaguliwa kwa kitambaa. Hariri ilikuwa na yake, na jinzi ilikuwa na yake, na fundi aliyeuliza sindano ipi ni bora bila kusema anashona nini alikuwa hajaanza kazi. Miaka sita alikuwa amekaa mbele ya mashine hii kama mgeni, akitumia wembe wowote uliokuwa umefungwa, akisahihisha kwa msasa, na ujuzi wake wote wa awali akauacha kule nyumbani chini ya shuka.

Akatandika kitambaa cheusi mezani. Akapanga juu yake nyembe za kila namba, kuanzia nene hadi nyembamba, akachukua kioo cha kukuzia na vipande vya mbao za unene mbalimbali. Kila wembe aliusimamisha kando ya kila kipande, akahesabu ni meno mangapi yanauma ndani ya unene ule. Yakiwa mawili, wembe uliruka na kumega. Yakiwa kumi na zaidi, uliunguza. Palikuwa na mahali pa katikati, meno matano, sita, ambapo mbao ilikubali kukatwa kama kitambaa kinachofuata mkasi. Plaiwudi aliiweka kando kabisa, maana tabaka lake la chini lilikuwa likibanduka hata ulibembeleze vipi. Alichagua mbao ngumu, yenye nyuzi zilizoshikana, akaipiga randa hadi ikafikia unene wa kidole kidogo cha mtoto.

Upande wa juu ukatoka safi. Upande wa chini bado ulikuwa na ndevu.

"Unatafuta nini hasa?" aliuliza muuza vifaa, mwanamke mcheshi aliyezoea kumwona mara moja kwa mwezi na sasa alimwona kwa mara ya tatu katika wiki moja. "Mwenzangu, nyembe zangu zote umeshazionja."

"Kuna ambazo hujanionyesha?"

Muuza vifaa alivuta sanduku kutoka chini ya rafu, akalipuliza vumbi. "Labda hizi. Watu wanazirudisha. Wanasema kiwanda kilikosea, meno ya mwisho yamegeuzwa."

Sindano alitoa wembe mmoja, akaenda nao mlangoni penye jua. Karibu urefu wake wote meno yalitazama chini, kama kawaida, lakini machache ya mwisho yalitazama juu. Aliuangalia kwa muda mrefu hadi muuza vifaa akamuuliza kama anaumwa.

"Hawakukosea," alisema. "Ni pindo hili."

"Ni nini?"

"Pindo. Kitambaa kikikatwa kinaachia nyuzi ukingoni. Unafanyaje? Unazikunja kurudi ndani. Haya meno ya kwanza yanakata, yanatokea chini na kusukuma nyuzi nje. Haya ya mwisho yanapanda, yanazirudisha ndani na kuzimaliza." Alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyeokota alichokuwa amekiandikia tangazo la kupotelewa. "Nipe sanduku zima."

Haikuwa rahisi hivyo, hata hivyo. Kipande cha kwanza kilitoka na ndevu zilezile. Alizungusha mashine kwa mkono, taratibu, akachungulia: wembe ulikuwa umefungwa chini mno, na yale meno ya mwisho hayakuwa yakiifikia mbao hata kidogo. Yalikuwa yakipanda na kushuka chini ya meza bila kazi. Aliulegeza, akaupandisha mpaka mawili tu ya yale meno yaliyogeuzwa yachomoze juu ya meza wembe unapofika kileleni, akaukaza, akaugusa kwa ukucha. Ulilia sauti nyembamba, kali, kama uzi wa gitaa. Akawasha, akaweka mbao, na safari hii hakuisukuma. Aliiongoza tu.

Asubuhi moja kaka yake alimkuta amekaa, msumeno umezimwa, kitambaa kimefungwa machoni, vidole vikitembea juu ya kipande cha mbao.

"Makubwa! Umeanza uganga?"

Sindano alivua kitambaa, akamkabidhi. Kaka yake alitazama huku na huku kuhakikisha mafundi wengine hawaoni, akajifunga, akanyoosha mkono. Alipewa kwanza ramani ya zamani. Vidole vyake vinene vilipita juu yake, vikasita, vikapita tena.

"Hapa pana shimo," alisema kwa mshangao. "Na hapa. Dada, hii kitu imejaa mashimo!"

Akapewa kipande kipya. Alikipapasa pande zote. Alipovua kitambaa alikwenda kwenye rundo la mbao, akachagua ubao mmoja uliokuwa umetengwa kwa ajili ya kabati la mteja, akaanza kuupiga randa yeye mwenyewe.

Sindano alikata kwa siku nne. Wembe ulipoanza kupoteza ukali hakuubembeleza. Aliutoa na kufunga mwingine. Msasa haukuguswa. Ngazi zilitoka kumi na nne, kila moja na ukingo wake uliosimama wima.

Siku ya kupeleka, kaka yake alikuja naye, ameibeba ramani kifuani kama mtoto mchanga. Waliiweka ukumbini juu ya meza ya kimo cha watoto. Mwalimu mkuu aliisoma kuanzia lango kuu. Alipanda ngazi, na midomo yake ikawa inahesabu. Aling'oa maktaba, akaigeuza, akapitisha dole gumba.

"Amenyoa," alisema, na kicheko chake kikaujaza ukumbi. "Niitieni Redio."

Redio alikuwa msichana wa miaka minane aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuzimika. Aliingia akiongea, akafikishwa mezani akiongea, kisha vidole vyake viligusa mbao na akanyamaza. Mlezi wa bweni alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia ukimya ule. Vidole vilikimbia, vikarudi, vikaingia vyumba na kutoka.

"Na kengele ya shule iko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Itafute," alisema mwalimu mkuu.

Aliipata mwisho wa korido ya juu, kengele ndogo kuliko ukucha wake mwenyewe. Akaitoa, akaifumbata, akairudisha. Kisha akageuka na kuondoka.

Mlezi alipiga hatua kumfuata.

"Mwache," alisema mwalimu mkuu, aliyekuwa amesikia ndala za mlezi zikisogea.

Walisikiliza. Nyayo zilikwenda bila kuburuzwa, zikakata kona. Zikafika kwenye ngazi: moja, mbili, tatu, hadi kumi na nne. Kisha kimya. Sindano alihisi kila kona aliyoikata ikimpitia mwilini, akijiuliza ni ipi aliyoikata kwa wembe uliokuwa umechoka. Kaka yake alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wakiwa watoto.

Kengele ikalia. Haikulia kama kengele ya ratiba, mara tatu kwa adabu. Ililia mfululizo, kwa mikono miwili, bila huruma, mpaka milango ya madarasa ikafunguka na kelele za watoto zikajaa jengo zima wakiuliza kuna nini. Kaka yake Sindano akapiga ukelele kama timu yake imefunga bao. Mlezi alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Ile kamba," mwalimu mkuu alimwambia, akipaza sauti juu ya kelele, "kaanikieni nguo."

Watoto walikuwa tayari wameizunguka meza, wakisukumana, kila mmoja akitaka kuingiza kidole. Sindano alisogea pembeni kuwapisha. Alitazama kwenye korido alikopotelea Redio, akingoja kumwona akishuka ngazi zilezile.

Sauti ikatoka nyuma yake, upande wa bwalo, ikieleza kwa kirefu na bila kupumua jinsi kengele ilivyo nzito. Redio alikuwa amerudi kwa njia nyingine.