Maji ya Kukalia

Charlène alikuwa amekaa ndani ya basani ya plastiki, maji ya vuguvugu yakimfika nyongani, na rozari ilikuwa kwenye kumi la tatu. Sista wa hospitali ya Katana alimwambia akalie maji yenye chumvi dakika kumi na tano, mara tatu kwa siku, na tena kila akitoka chooni. Nyumbani hapakuwa na saa. Kwa hiyo alipima kwa Salamu Maria: makumi matatu, polepole, bila kumeza maneno.

Ilikuwa siku ya tisa tangu apasuliwe. Asubuhi hiyo alikwenda chooni na kurudi bila kulia. Si jambo la kumtangazia mtu, lakini alitoka mle ndani kichwa juu, kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kwa miezi minane kila haja kubwa ilikuwa kama kupitisha kipande cha chupa. Aliuma kikwembe, kitenge alichojifunga, ili wapangaji wa upande wa pili wasimsikie.

"Unamaliza?" mama yake, Maman Lucie, aliuliza nyuma ya pazia.

"Bado Salamu Maria ine."

"Maji imeisha. Hiyo njo ilikuwa ya mwisho mu bidoni."

Charlène alimaliza zile nne, akajipangusa kwa kitambaa kilichochemshwa, akavaa. Maji ya saa sita yangetoka wapi, na ya jioni? Sista alikuwa amemkataza maji ya mvua yanayotiririka kwenye mabati yenye kutu. Kidonda kikiingiwa na uchafu, alisema, utarudi kwenye meza yetu ya upasuaji.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa. Watu wa avenue walitoka saa moja na majembe kuzibua mifereji, na robine, bomba la maji la mtaa, ilikaa na kufuli mpaka kazi iishe. Ufunguo alikuwa nao Edouard, mkubwa wa avenue. Nyumba iliyokosa salongo haikuchota maji mpaka Jumatatu, isipokuwa kwa karatasi ya daktari. Maman Lucie alikuwa na mguu uliovimba na hakuhesabiwa tena. Jina lililoandikwa kwenye liste lilikuwa la Charlène.

Alitoa bahasha ya hospitali chini ya godoro.

"Usipeleke ile," mama yake alisema. "Banaandika yote mule. Miye niliambia batu ni appendicite. Shirika yote ya kanisa ilikuya kusali juu ya tumbo yako."

"Sasa nitakalia nini, mama? Vumbi?"

"Nitaomba maji kwa jirani Pascaline."

"Pascaline iko na batoto sita."

Akatoka. Maman Lucie alimfuata na bidoni, dumu tupu la plastiki, akichechemea, maana Charlène alikatazwa kubeba chochote kizito kwa wiki sita.

Kwenye robine, bidoni za njano zilikuwa zimepangwa mstari mrefu ukishuka na mlima, kila moja na mama yake pembeni, miguu ikiwa bado na tope la mfereji. Edouard alikuwa amesimama juu ya jiwe na liste mkononi.

"M'Bisimwa!" aliita, kwa jina la baba yake Charlène. "Ku salongo tulikuona wapi?"

"Nilipasuliwa, Papa Edouard. Siwezi kuinama na jembe."

"Karatasi?"

Charlène alimpa, akidhani ataangalia muhuri tu na kumrudishia. Lakini Edouard alivaa miwani na kusoma kwa sauti, kama alivyosoma kila tangazo la kartie.

"Fissure... anale." Mpasuko kwenye njia ya haja kubwa, kwa Kifaransa cha daktari. Akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akacheka mpaka jiwe likayumba chini yake. "Eh bamama! Kumbe appendicite inashukaka mupaka mu matako!"

Wanawake wawili walicheka. Wengine walitazama bidoni zao. Maman Anne-Marie, kiongozi wa shirika, alifanya ishara ya msalaba.

"Na hii haiko ugonjwa ya kukosa salongo," Edouard aliendelea. "Salongo batu banafanyaka na mikono."

"Tuende, Charlène," mama yake alinong'ona, akimvuta kikwembe.

Charlène hakuwa mtu wa kusema. Katika shirika alikaa nyuma, karibu na mlango. Shule aliiacha darasa la tano, na hata alipokuwa darasani alijua majibu bila kunyoosha kidole. Sasa masikio yalikuwa yanawaka moto. Lakini alifikiri juu ya asubuhi ile, alivyotoka chooni bila chozi, na miguu yake ikakataa kuondoka.

"Soma yote, Papa Edouard," alisema.

"Nini?"

"Unasoma mustari moja. Soma pale daktari anaandika sababu."

Edouard alishusha macho kwenye karatasi. "Constipation... Njo kusema kufunga choo. Ni nini tena?"

"Miye minauzishaka samaki ya sambaza ku soko. Sasa miaka saba." Alipandisha sauti ifike mwisho wa mstari. "Choo ya soko iko na kufuli. Ufunguo iko mu bureau ya soko. Banafunguaka saa ine, saa sita banafunga, na siku ingine habafungue. Juu ya ile, siye bamama hatukunywake maji. Minakunywa nusu kikombe asubui, mupaka magaribi. Haja ikikuya, minakaza. Miaka saba, Papa Edouard, minakaza. Njo nyama ikapasuka."

Hakuna aliyecheka tena.

"Banadunga sindano mu mugongo, miguu yote ikakufa ganzi. Daktari akakata, akaniambia: weye ni wa sita mwezi hii, na bote sita ni bamama ba soko. Sikuiba. Sikufanya kitu ya haya. Kama haya iko, iko ya yule anafunga choo."

Maman Anne-Marie alikohoa. "Na sala zetu za appendicite, binti yangu?"

"Mungu anajua pahali ya kuzipeleka, Maman Anne-Marie."

Kicheko kilipita katika mstari, lakini safari hii hakikuwa cha kumkata mtu. Pascaline, aliyeuza nyanya meza ya tatu kutoka kwa Charlène, aliinamisha kichwa.

"Hata miye," alisema chini chini. "Tangu Pasaka."

"Miye minapakaaka mafuta ya mawese," alisema mama mmoja mzee aliyeuza makaa. "Minasemaka itapona yenyewe."

"Haiponake yenyewe," Charlène alimjibu.

"Hapa haiko hospitali!" Edouard alipiga kelele. Alikunja karatasi, akaikunjua, akaitazama juani. Hakuweza kuikataa. "Sawa. Karatasi iko. Lakini kashe ya muhuri haionekane muzuri. Utachota, ila wa mwisho. Nyuma ya bote."

Maana ya kuwa wa mwisho kila mtu aliijua. Siku nyingi maji yalikatika kabla ya nusu ya mstari.

Maman Lucie aliinua bidoni ili aipeleke chini, mwisho kabisa. Charlène alitembea mbele yake, mgongo umenyooka, hatua fupi fupi kama alivyofundishwa. Walipofika, wakaiweka juu ya majani.

Pascaline alikuwa wa nne. Alichukua bidoni zake mbili, akashuka nazo mpaka chini, akaziweka nyuma ya ile ya Charlène.

"Wee Pascaline, unafanya nini?" Edouard aliita.

"Unasema yee ni wa mwisho. Sasa miye njo wa mwisho."

Yule mama wa makaa alikuwa wa pili. Alishuka pia. Akafuata mwingine, na mwingine, plastiki ikigongana na mawe, mpaka Maman Anne-Marie alipovuta bidoni yake kwa mguu, akinung'unika kwamba goti linamuuma. Mstari ukaanza upya, na mbele yake kulikuwa na bidoni moja, ya Charlène.

Edouard alisimama juu ya jiwe lake na ufunguo. Halafu akafungua kufuli.

Robine ilikohoa hewa, ikatema maji mekundu, kisha meupe. Charlène aliacha uchafu upite. Aliomba kikombe kwa mtu, akakijaza, akanywa. Jumatatu choo cha soko kingekuwa bado na kufuli, alijua. Alikunywa kikombe chote, akiwa amesimama, mbele ya macho yao, hata tone la mwisho. Akakijaza tena na kumpa Pascaline.

"Kunywa," alisema. "Yote."