Ng'ambo kwa Herufi Kubwa

Bertila alipofika kazini asubuhi ile, alikuta kina mama wa mtaa wa Ng'ambo wameshaijaza baraza. Walikalia mabenchi ya wageni, walikalia ngazi, na waliokosa nafasi walitandika kanga chini. Hakuna aliyekunja mguu kumpisha. Alipita akiruka magoti ya watu mpaka akafika mbele ya Bi Mwanajuma, muuza vitumbua aliyemlisha tangu hajang'oa meno ya utoto.

"Shikamoo, Bi Mwanajuma."

Bi Mwanajuma alitazama ukuta.

"Shikamoo, bibi."

"Jamani, mmesikia kitu?" Bi Mwanajuma aliwauliza wenzake. "Mimi nasikia mlango unalia tu. Hawa si wana hela? Wautie mafuta."

Wakacheka kicheko kikavu. Tabora mtu anaweza kukunyima chumvi, akakunyima moto, na bado ukaishi naye. Akikunyima marahaba, amekufuta.

Bertila aliingia ndani, akafungua dirisha, akawasha kompyuta. Hakulia. Machozi hayapangi viti, na kikao cha dharura kilikuwa kinaanza muda si mrefu.

Alikuwa karani wa Bodi ya Mipango ya mji. Kazi yake ilikuwa kuwaita wajumbe, kuwapangia viti, kuwaandikia muhtasari, kuwachapia matangazo, na kufokewa chai ikipoa. Alikuwa na stashahada yake ya uhazili, watoto wawili, na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Binti mkubwa alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Mkataba ulikuwa unaisha Juni.

Kisa cha kina mama wale kujaa barazani kilikuwa neno moja. Katika kikao kilichopita, afisa mipango miji, Bwana Godbless, mtu wa Moshi ambaye hata masika moja ya Tabora alikuwa hajayaona, alisimama akapunga mkono kuelekea dirishani, akasema, "Vibanda vya ng'ambo vyote vibomolewe. Vinauchafua mji." Wajumbe wakanyoosha mikono. Bertila akaandika. Alipochapa, aliandika Ng'ambo kwa herufi kubwa, kama ambavyo angeandika mtu yeyote aliyezaliwa hapa. Mjini Tabora mtu haulizi ng'ambo ya nini. Ng'ambo ni Ng'ambo, ni mtaa, una mafundi cherehani wake, una wasusi wake, una vitumbua vyake. Mwenyekiti akasaini bila kusoma. Juzi mgambo walipita mtaani na ndoo ya rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye kila kibanda. Greda lilikuwa linakuja kesho.

Godbless aliingia bila kubisha.

"Dada Bertila, umeniua."

"Mbona unatembea?"

"Usinitanie. Nilisema ng'ambo. Ng'ambo ya barabara! Hapa!" Alivuta pazia kwa nguvu, pete moja ikakatika. Upande wa pili wa barabara, juu kabisa ya mtaro, vilisimama vibanda viwili vya bati la bluu. "Hivyo! Mvua ikinyesha maji yote yanakuja mlangoni kwetu kwa sababu ya hivyo. Wewe ukaenda kuandika mtaa mzima!"

"Ungesema ng'ambo ya barabara."

"Kwetu mtu akisema ng'ambo anaeleweka."

"Kwenu hakuna mtaa wa Ng'ambo. Hapa upo, na wenyewe wako barazani. Nenda kawaeleze kwenu mnasemaje."

Godbless alifunga mlango, akashusha sauti. "Sikiliza. Mwenyekiti ameruhusu wawakilishi watatu wa hao kina mama waingie. Utasimama mbele yao useme ulikosea kuchapa. Tunasahihisha, greda linageuzwa, mambo yameisha. Utapewa onyo la maandishi tu."

"Onyo la maandishi tu," Bertila alirudia.

Wote wawili walijua. Mtu wa mkataba akishapewa onyo la maandishi, haongezewi hata siku moja.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, X zinabaki. Halafu utarudi kwa hao ndugu zako uwaambie kwamba ungeweza kuwaokoa ila ulikuwa unalinda kiti."

Alitoka. Bertila alibaki na pete ya pazia mkononi. Alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, na kilichomuuma zaidi ni kwamba katika hilo la mwisho alikuwa amesema kweli.

Wajumbe waliingia, wakaketi. Mwenyekiti, Mzee Masolwa, alikaa kichwani mwa meza na tumbo lake. Kulia kwake alikaa Mayala, mjumbe anayewakilisha Ng'ambo, aliyekuwa akiivaa na kuivua miwani yake asimtazame mtu. Bi Mwanajuma na wenzake wawili walipewa viti vya nyuma, karibu na mlango, mahali wanapowekwa watu wanaotakiwa kutoka upesi.

"Tumewaita, mama zetu," Mzee Masolwa alianza kwa sauti ya msibani, "kwa sababu serikali ni sikivu. Kumetokea hitilafu. Bodi hii haijawahi, na haitawahi, kuigusa Ng'ambo. Ni huyu karani wetu. Simama, binti, uwaeleze wazee wako ulichokifanya."

Bertila alisimama. Nyuma, Bi Mwanajuma alisema bila kujificha, "Tangu atuhame Ng'ambo akakae mtaa wa Kitete, amekuwa mtu wa herufi kubwa."

Alikuwa ameshaamua. Vibanda vingebaki, yeye angetafuta kazi nyingine; alikuwa na mikono miwili. Lakini mkono wenye kalamu ulikuwa tayari juu ya karatasi, na mkono ule ulikuwa na mazoea yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla sijasema, niandike masahihisho kabisa ili msaini leo. Isomekeje?"

"Muulize mtaalamu."

Godbless alikohoa. "Isomeke: vibanda viwili vya bati la bluu, vilivyo ng'ambo ya barabara, juu ya mtaro, mkabala na ofisi. Vibomolewe."

Mjumbe mmoja alishika kikombe hewani, akasahau kunywa. Godbless peke yake hakuelewa, kwa sababu Godbless peke yake hakujua vibanda vile ni vya nani.

"Vipi?" aliuliza.

"Vya nani vile?" Mzee Masolwa aliuliza polepole, kama mtu anayejua jibu.

"Sijui, mheshimiwa. Wavamizi tu. Kuna mama mmoja mnene anauza soda..."

"Huyo mama mnene," alisema Mzee Masolwa, "ni mke wangu."

Bi Mwanajuma alipiga kofi moja. "Eeeh! Endeleeni, wanangu. Leo sikaangi."

Mzee Masolwa alikaa wima. Sauti ya msibani ilikuwa imekwisha. "Mimi nimeusoma tena muhtasari huu. Sioni kosa. Karani aliandika sawasawa na bodi ilivyoazimia. Ng'ambo ni Ng'ambo. Kaa chini, binti, hujakosea."

Viti vya nyuma viliburuzwa. Bi Mwanajuma alikuwa amesimama, kidole kimemwelekea Mayala.

"Kumbe bodi iliazimia! Wewe Mayala! Wewe uliyekuja kwangu wakati wa kura ukala vitumbua kumi na kunisifia mkono! Ulinyoosha mkono?"

"Mama, mimi nilielewa kwamba ni ng'ambo ya..."

"Ya wapi?" Mzee Masolwa aliuliza, amemgeukia mzimamzima. "Sema, ndugu mjumbe. Ulielewa ng'ambo ya wapi?"

Mayala alifungua mdomo. Kushoto kwake mwenyekiti, nyuma yake wapigakura. Akaufunga.

"Mimi niliona tu wenzangu wamenyoosha," alisema.

"Mwoga wewe!" mjumbe mwingine alifoka. "Ulinyoosha wa kwanza!"

"Na wewe je?" Mayala alimrudishia. "Hukusema afadhali, Ng'ambo imezidi uchafu?"

Wakaanza kurushiana maneno, kila mmoja akikumbuka alichosema mwenzake na kusahau chake. Godbless alikuwa amekaa, ameshika kichwa, akiangalia meza. Bertila hakukaa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakuna aliyekuwa anamfokea yeye, na alipowatazama wale watu wazima akaona jambo dogo tu: walikuwa wamesikia Ng'ambo, wote, kama yeye. Yeye alisikia akachapa. Wao walisikia wakanyoosha mikono.

Aligonga meza kwa kalamu.

"Waheshimiwa. Mimi sikukosea kuchapa. Nilichapa kitu mlichokipitisha. Sasa nataka kuandika, na mashahidi wapo. Ng'ambo ni kwa herufi kubwa au ndogo?"

Aliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi.

"Ikiwa kubwa, ni kwa Bi Mwanajuma. Ikiwa ndogo, ni kwa mama wa soda. Mheshimiwa Mwenyekiti, kubwa au ndogo? Nisije nikakosea tena."

Mzee Masolwa alimtazama kama mtu anayemtazama nyoka aliyemkuta ndani ya kiatu chake. Alitazama viti vya nyuma. Alitazama dirisha, na bati la bluu likamtazama.

"Futa," alisema.

"Nifute nini, mheshimiwa? Herufi?"

"Futa azimio lote! Hakuna kitakachobomolewa. Si huku wala kule. Greda lisije."

"Naomba urudie taratibu. Naandika."

Akarudia. Bertila akaandika, akamsogezea, akamsimamia mpaka akasaini. Safari hii alisoma kila neno.

Walipotawanyika, Mzee Masolwa alibaki nyuma akijifanya anatafuta miwani.

"Mkataba wako unaisha Juni," alisema.

"Najua, mheshimiwa. Niliuchapa mimi."

"Basi usichape mwingine."

"Sawa. Lakini mtaro ule utaziba masika yakija. Msiniite kuzoa maji."

Alikusanya vikombe kwa sababu vilikuwa vichafu, akavipeleka jikoni, akaviosha. Akafunga kompyuta. Alipotoka barazani wengi walikuwa wameshaondoka, wamebaki Bi Mwanajuma na wenzake wakikung'uta kanga. Walimwona. Hakuna aliyempigia vigelegele, wala hakutegemea.

"Shikamoo, Bi Mwanajuma."

Bi Mwanajuma alikunja kanga yake, akaipanga begani, akaivuta mpaka ikakaa sawa.

"Wewe uliandika Ng'ambo," alisema. "Hukuuliza. Uliandika tu, kana kwamba sisi kubomolewa ni jambo la kawaida."

Bertila alilipokea neno hilo. Lilikuwa kweli.

"Kibanda changu kina X kubwa kama mlango. Wateja wanaiona wanapita. Marahaba yako iko pale, nyuma ya ile rangi. Njoo na mafuta ya taa na kitambaa, uisugue mpaka uifikie."

"Mafuta ya taa hayatoi rangi ile," alisema Bertila. "Nitakuja na petroli."

"Njoo na unachotaka. Ila njoo leo."

Bertila alivua viatu vya ofisini, akavaa ndala alizokuwa nazo kwenye begi, akaelekea kituo cha mafuta.