Wimbi Lililodai Likizo

Jana, baada ya wali wa mchana, Dama Mwarandu alilaza kichwa juu ya mpango mkakati wake, akaota.

Dama alikuwa mkuu wa biashara katika kampuni ya watu wanane huko Kilifi. Kwa miaka saba walikuwa wakiunda boya kubwa la chuma ambalo, mawimbi yakilipandisha na kulishusha, huzalisha umeme. Boya lilifanya kazi. Kilichokosekana ni mnunuzi. Kesho yake bodi ilikuwa ikutane kuamua: liendelee kuelea, au likatwekatwe liuzwe kama vyuma chakavu.

Usingizi haujakolea, mlango unabishwa.

"Hodi."

"Karibu," anasema Dama.

Linaingia wimbi. Linavua viatu mlangoni, ingawa miguu halina, kisha linaketi kwenye kiti cha wageni. Kiti kinalowa.

"Shikamoo," anasema Dama, kwa kuwa bahari ni mkubwa wake.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nina umri wa dakika nne, lakini ukoo wetu ni wa kale. Nimekuja kwa ajili ya ukurasa wa saba."

Dama anafungua ukurasa wa saba. Pameandikwa: Tutateka soko.

"Mwenzako ameshaliteka," linasema wimbi. "Twende upesi, linalia."

Papo hapo ofisi haipo. Wako uwanjani, na fundi mkuu wa kampuni, Mwachiro, ameshika kamba huku jasho likimtiririka. Kwenye ncha ya pili ya kamba kuna soko zima, na vibanda vyake na ndizi zake, limefungwa mikono kwa nyuma.

"Nimeliteka, bosi," anasema Mwachiro. "Limening'ata mara mbili. Sasa tulifanyeje?"

Mpango haukufika hapo.

"Kwanza nifungueni," linasema soko. "Pili, bei yenu iko wapi?"

Mwachiro anaburuta mtungi wa udongo, mrefu kumshinda yeye. Hiyo ndiyo bei ya umeme wa boya. Kando, jua limejitandaza juu ya jamvi, nyundo mkononi, linavunja bei zake moja moja bila haraka. Wateja wanaokota vipande, wanashukuru, wanakwenda zao.

"Na nyinyi vunjeni yenu," linashauri soko.

Dama anapokea nyundo. Kabla ya kupiga, anachungulia ndani ya mtungi. Mna mikono ya Mwachiro iliyobabuka kwa kuchomelea vyuma. Mna miaka saba. Chini kabisa mna ugali wa watu wanane, bado wa moto.

"Hii sivunji," anasema. Analirudishia jua nyundo yake.

"Basi mtafute anayeihitaji hivyo hivyo ilivyo." Soko linanyoosha mabega, ndizi zinaanguka. "Wewe unataka kumuuzia kila mtu. Mimi nimekuwa soko tangu kuzaliwa, na huyo Kila Mtu sijawahi kumwona akipita."

Nyuma ya vibanda kuna mtu analia. Dama anasogea. Si mtu, ni pande la barafu, limejitanda gunia.

"Una nini, ndugu yangu?"

"Nayeyuka, mama. Kwetu ni kisiwani. Kiwanda chetu kinaendeshwa na jenereta, na dizeli yake huletwa kwa mashua. Mashua ikichelewa siku mbili, mimi ni maji na samaki ni uvundo."

"Mawimbi mnayo huko?"

"Tuna nini kingine?"

Dama anamgeukia Mwachiro. Mwachiro ameshaachia kamba. Miaka yote hiyo wamekuwa wakishindana na jua, kumbe kuna mahali ambapo mshindani wao ni pipa la dizeli, tena ghali kuliko wao!

"Tutaanzia kwenu," anasema Dama. "Wimbi litafanya kazi usiku na mchana."

Wimbi linakohoa. "Hapo ndipo penye neno. Hatukuulizwa. Kuna majuma bahari hutulia, nasi hupumzika. Tunataka likizo iandikwe."

"Ya muda gani?"

"Wiki nne."

"Wiki moja."

"Mbili, na nisisikie neno 'uzembe'."

"Mbili. Na zamu yenu ataishika nani?"

Jua linaweka nyundo chini. "Mimi. Mngeniomba zamani, ningekubali."

Wanatia sahihi. Sahihi ya wimbi inakwenda mpaka ukingoni mwa karatasi, kisha inarudi.

Dama aliamshwa na simu. Aliipokea huku karatasi ikiwa bado imemganda shavuni.

"Hujambo, mama?" ilisema sauti ya mzee. "Naitwa Lali Shebwana, nina kiwanda cha barafu huku kisiwani. Ni wewe unayeuza umeme wa mawimbi?"

"Ni mimi." Dama alijikuta amesimama. "Nani amekupa namba yangu?"

"Hakutaja jina. Sauti yake ilikuwa ikija, ikirudi. Alisema niwahi kabla ya kikao chenu. Tena kanipa ujumbe, ingawa mimi sikuuelewa. Eti ile likizo wameijadili wao kwa wao, na sasa wanataka wiki tatu."

Dama akavuta karatasi tupu na kalamu.

"Mwambie mbili na nusu," alisema. "Haya, mzee wangu, kwa siku mnagandisha tani ngapi?"